Marafiki Wawili Watatu wa Imani: Namna ya Kuwapata, Kukua Nao na Kuwafikia Wengine

Mtu anaweza kusali kanisa moja miaka kumi, akazijua nyimbo zote, akashikana mikono na watu kila Jumapili, na bado asiwepo hata mmoja anayejua kwamba imani yake inayumba. Wanamwita mpendwa, wanamuuliza habari, anajibu nzuri, basi. Siku akipotea, watu watashangaa: mbona alikuwa anaendelea vizuri?

Mwongozo huu ni wa Mkristo anayetaka kutoka katika hali hiyo. Huhitaji cheo wala kuanzisha idara mpya kanisani. Unahitaji watu wawili au watatu, kama saa moja kwa wiki, na ujasiri wa kusema ukweli. Nitaeleza namna ya kuwapata watu hao, mtakachofanya mkikutana, mipaka ya kuweka, kisha jinsi ukaribu huo unavyowafikia ndugu na marafiki ambao bado hawaamini. Sehemu ya kusema ukweli nimeirefusha makusudi, kwa kuwa ndiyo vikundi vingi huikwepa.

Kabla ya kuanza: tazama Yesu alivyofanya

Marko 3:14 inasema Yesu aliweka watu kumi na wawili "wapate kuwa pamoja naye", kisha ndipo inataja kuwatuma kuhubiri. Kuwa pamoja kulitangulia. Makutano walisikia mafundisho, lakini wale kumi na wawili walimwona akiwa amelala chomboni kwa uchovu, walimwona akilia penye kaburi la Lazaro, walimsikia akiomba. Ndani ya hao kumi na wawili walikuwapo watatu, Petro, Yakobo na Yohana, aliowachukua nyumbani kwa Yairo, mlimani alipogeuka sura, na Gethsemane alipohuzunika. Na alipowatuma kuhubiri aliwatuma wawili wawili.

Paulo, ambaye wengi humdhania shujaa aliyejitembelea peke yake, alikuwa karibu kila mara na mtu: Barnaba, Sila, Timotheo, Luka. Sura ya mwisho ya Waraka kwa Warumi ina majina zaidi ya ishirini ya watu, wengi wao aliowajua vizuri. Mmoja anamtaja kuwa ni mama yake pia. Wasomaji huiruka sura hiyo wakidhani ni salamu tu.

Hatua ya 1: Andika majina ya watu ulio nao tayari

Chukua karatasi. Andika majina ya waamini unaowafahamu kwa namna fulani, hata kama si marafiki wa karibu. Kisha jiulize: nani amenitangulia katika imani? Nani tunalingana? Nani ndiyo kwanza anaanza? Ukipata mmoja katika kila kundi, umebarikiwa. Usipopata, anza na aliyepo. Watu wengi hukaa miaka wakimsubiri mlezi wa kiroho aliyekamilika, na huku jirani wa benchi moja naye anasubiri vilevile.

Unatafuta mtu wa namna gani? Sifa ya kwanza ni kutunza siri. Msikilize anavyozungumza habari za wengine mbele yako. Ndivyo atakavyozungumza habari zako. Sifa ya pili ni kwamba anaweza kukosolewa bila kununa wiki mbili. Elimu ya Biblia ni nzuri, ila nimeiweka chini makusudi, maana mambo ya Biblia mnaweza kujifunza pamoja, lakini mdomo usiofungika haufundishiki kirahisi.

Kwa mazungumzo ya ndani, nashauri mwanamume na wanaume wenzake, mwanamke na wanawake wenzake. Mume au mke ni mtu wa karibu kuliko wote, na mambo mengi yaanzie kwake, lakini kumfanya mwenzi wako awe ndiye mlezi, msikilizaji na mwombezi wako wa pekee ni kumtwisha mzigo wa watu watatu.

Usimchague mtu kwa sababu unataka kumrekebisha. Atanusa.

Kisha uwe tayari kumchukua mtu ambaye wengine wanamwogopa. Sauli, ndiye Paulo, alipofika Yerusalemu baada ya kuokoka, wanafunzi walimwogopa, wasiamini kwamba kweli amekuwa mwanafunzi. Barnaba ndiye aliyemchukua na kumpeleka kwa mitume (Matendo 9:26–27). Baadaye akamfuata mpaka Tarso, akaja naye Antiokia, wakafundisha pamoja mwaka mzima. Baadaye tena Paulo huyohuyo alimkataa kijana Yohana Marko kwa kuwa aliwaacha njiani. Wakagombana na Barnaba mpaka wakaachana, na Barnaba akaondoka na Marko. Miaka ikapita. Paulo akiwa kifungoni anaandika kwamba Marko aletwe, maana anamfaa kwa utumishi (2 Timotheo 4:11). Mapokeo ya kanisa yanamtaja Marko huyo kuwa mwandishi wa Injili ya pili. Barnaba mwenyewe hatuna barua yake hata moja katika Agano Jipya, lakini hao wawili walipita mikononi mwake.

Hatua ya 2: Omba waziwazi

Ukaribu wa aina hii hauji wenyewe. Lazima mtu mmoja aseme, na anayeona aibu zaidi ndiye mara nyingi anayeuhitaji zaidi.

Kwa mtu wa rika lako, sema maneno ya kawaida: "Ndugu yangu, nimechoka kuwa Mkristo wa Jumapili tu. Ungekuwa tayari tukutane mara moja kwa wiki, tusome kidogo, tuambiane ukweli, tuombeane? Tujaribu wiki nane, kisha tuone." Kwa aliyekutangulia: "Mama, nimekuwa nikiangalia unavyoishi na watu. Ningeomba nije kwako mara moja kwa mwezi, nikuulize maswali na uniombee." Watu wazima wa imani hawaombwi hivi mara kwa mara, wengi watashtuka kwanza, kisha watafurahi.

Taja muda. Kumwomba mtu ahadi isiyo na mwisho kunamtia hofu. Wiki nane zinatosha kujua kama mnaelewana, na zikiisha kila mmoja anaweza kuondoka bila ugomvi. Akikataa, mshukuru na urudi kwenye karatasi yako.

Hatua ya 3: Kikao chenyewe

Kiwe kifupi na cha kudumu: siku ileile, saa ileile. Kikao cha saa moja kisichokosekana kina nguvu kuliko mkesha wa mara moja kwa mwaka.

Someni kifungu kifupi, aya kumi au kumi na tano, mara mbili kwa sauti. Kila mmoja ajibu: kifungu hiki kinaniambia nini juu ya Mungu? Kinanidai nini wiki hii? Nani mwingine angefaidika nikimweleza? Jibu la swali la pili liwe la kutendeka. "Nitampenda jirani" halipimiki. "Nitamlipa deni langu kabla ya Ijumaa" linapimika, na wiki ijayo utaulizwa.

Baadaye kila mmoja aeleze hali yake, kisha mwombeane kwa majina na kwa mambo yaliyotajwa palepale. Usije na mahubiri. Hata kama mmoja wenu ni mchungaji, hapo amekuja kama ndugu, na pengine yeye ndiye mwenye njaa kuliko wote, kwa kuwa wiki nzima amewalisha wengine.

Mkiwa mbalimbali, simu inatosha. Ila maungamo msiyaandike wala kuyarekodi kwenye kundi la simu. Ujumbe husambazwa, simu huibiwa, na watoto huchezea simu za wazazi.

Hatua ya 4: Kusema ukweli, na kuupokea

Hapa ndipo kikundi kinapoishi au kinapokufa. Yakobo 5:16 inaagiza: "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa." Wakristo wengi hutii nusu ya pili. Tunaombeana bila kujua tunaombea nini. Mtu anasema, "Niombeeni, nina changamoto," na wote wanainamisha vichwa kuiombea changamoto ambayo hakuna aijuaye. Wahenga walishasema mficha uchi hazai.

Jambo hili lina historia ndefu. Mwaka 1738 John Wesley, mhubiri Mwingereza aliyeanzisha Umethodisti, alitunga kanuni za vikundi vidogo ambavyo kila mwanachama aliulizwa kila wiki dhambi alizotenda tangu walipokutana mara ya mwisho, majaribu yaliyompata, na jinsi alivyookolewa nayo. Miaka minne baadaye, mwaka 1742 huko Bristol, Uingereza, jamii ya Wamethodisti ilikuwa na deni la jengo lao la ibada. Ikapendekezwa kila mmoja achange peni moja kwa wiki, na watu wagawanywe kumi na wawili kumi na wawili, kila kundi na kiongozi wa kupita nyumbani kukusanya. Viongozi wale walipopita majumbani waliona mengi zaidi ya fedha: huyu analewa, yule anagombana na mkewe, mwingine amekata tamaa. Wesley akatambua kwamba amepata kile alichokuwa anakitafuta kwa muda mrefu, na makundi hayo, yaliyoitwa madarasa, yakawa mahali pa kuwalea waamini. Deni la jengo ndilo lililozaa uangalizi wa roho za watu.

Huku kwetu, Uamsho wa Afrika Mashariki nao ulikua juu ya urafiki. Simeoni Nsibambi wa Uganda na Joe Church, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Gahini, Rwanda, walikutana Namirembe, Kampala, mwaka 1929, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 moto ule ulienea kupitia vikundi vya ushirika ambavyo watu waliungama, wakarudisha mali walizoiba, wakapatana, Waafrika na wamisionari wakiombana msamaha. Walikuita kutembea nuruni, kwa kufuata 1 Yohana 1:7.

Ukitaka kuanza, anza na jambo dogo lililo kweli. Huna haja ya kumwaga maisha yako yote kikao cha kwanza. Kuaminiana kunajengwa kwa kujaribiwa. Litaje kwa jina lake: "Nimemdanganya mkuu wangu kazini," na si "nimeteleza kidogo". Wiki ya pili utaona kama jambo lile limetunzwa, na ndipo utakapojua kama unaweza kutoa zito zaidi.

Swali la wangapi wasikie nalijibu hivi: ungamo liwe na ukubwa wa walioumizwa. Dhambi ya moyoni ielezwe kwa Mungu na kwa rafiki anayeaminika. Uliyemkosea, mwendee yeye. Kilichokosea kanisa lote ndicho kinachosemwa mbele ya kanisa. Toba ya hadharani imewaponya wengi, lakini imewahi pia kuvunja ndoa za watu ambao mke au mume alisikia habari pamoja na mkutano mzima.

Anayesikiliza ana kazi ngumu zaidi. Asishtuke usoni. Asikimbilie mstari wa Biblia kabla mwenzake hajamaliza sentensi. Asiseme "mimi pia" kisha akaanza hadithi yake. Aulize swali moja la kuelewa, amkumbushe ahadi ya 1 Yohana 1:9 kwamba Mungu ni mwaminifu kusamehe, amwombee palepale kwa sauti, na wiki ijayo amuulize: limekwendaje? Wengi hulisahau swali hilo la wiki ijayo, na wanaposahau, ungamo linabaki kuwa habari tu.

Kukosoana kuna adabu yake. Wagalatia 6:1 inataka mtu arejezwe "kwa roho ya upole". Mfano ninaoupenda ni wa Prisila na Akila. Walimsikia Apolo, msemaji hodari, akifundisha katika sinagogi huku akijua ubatizo wa Yohana tu. Hawakumkatiza mbele ya watu. Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi (Matendo 18:26). Apolo aliendelea kuhubiri, na heshima yake ikabaki. Ukiwa na neno la kumwambia rafiki, mwombe kwanza ruhusa: "Kuna jambo nimeliona, naweza kukuambia?" Ukiona unafurahia kumwambia, subiri siku mbili.

Halafu usengenyaji. Kanisani una vazi lake maalumu: "Tumwombee dada fulani, mnajua yanayomsibu..." Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mjerumani, alipokuwa akiwafundisha wachungaji vijana huko Finkenwalde, kati ya 1935 na 1937, aliwawekea kanuni moja rahisi: usimseme mwenzako akiwa hayupo, na ukikuta umemsema, mwendee umwambie ulivyosema. Ichukueni kanuni hiyo kama ilivyo. Mwezi wa kwanza itawaaibisha, kisha itawapa amani.

Hatua ya 5: Mipaka

Siku ya kwanza kabisa semeni wazi kwamba siri inatunzwa, isipokuwa pale mtoto anapoumizwa, uhai wa mtu unapokuwa hatarini, au kuna mtu anayeendelea kudhulumiwa. Hapo mnatafuta msaada wa wenye mamlaka, na hakuna mstari wa Biblia wa kumficha mtendaji. Mwenye huzuni isiyoisha au mawazo ya kujidhuru apelekwe kwa daktari huku mkimwombea. Mfuateni mpaka mlangoni ikibidi.

Jihadhari na ukaribu unaogeuka utawala. Ukiona mlezi wako anataka kuamua utaoa nani, anasikia siri zako na zake hazitaji kamwe, anakutenga na ndugu zako, au anakuomba fedha kwa siri, ondoka, tena umwambie mtu mwingine mzima wa imani kilichotokea. Paulo alisema "Mnifuate mimi kama mimi ninavyomfuata Kristo," na sehemu ya pili ya sentensi hiyo ndiyo kipimo cha ya kwanza.

Hatua ya 6: Fungueni mlango

Kikundi kikinoga, hatari yake ni kujifungia. Mnapendana, mnaelewana, na taratibu hakuna hata mmoja mwenye rafiki asiyeamini. Hali hii haiji kwa ubaya. Ratiba za kanisa zenyewe hujaa. Wengine watanipinga, lakini kama jioni zako zote ni za mikutano ya kanisa, punguza mmoja, ukakae na watu wa zamani uliokuwa nao kabla hujaokoka.

Tazama jinsi habari za Yesu zilivyosafiri katika Agano Jipya. Andrea alimtafuta kwanza ndugu yake Simoni. Filipo alimtafuta Nathanaeli. Mwanamke Msamaria aliacha mtungi akaenda kwa watu wa mjini kwake. Lawi mtoza ushuru alifanya karamu kubwa, akawaalika watoza ushuru wenzake wakutane na Yesu. Kornelio alipomngojea Petro alikuwa amekusanya jamaa zake na rafiki zake. Lidia alibatizwa na watu wa nyumbani mwake, vivyo hivyo mlinzi wa gereza la Filipi. Na yule aliyetolewa pepo katika nchi ya Wagerasi aliomba afuatane na Yesu, akajibiwa: "Enenda zako nyumbani kwako, kwa watu wa kwenu." Njia ilikuwa tayari: udugu, ujirani, kazi. Injili ilipita humo.

Kwa hiyo kila mmoja wenu aandike majina matatu hadi matano ya watu wake wa karibu wasioamini, na mwombee majina hayo kila mkikutana. Rafiki yako akijua jina la dada yako na habari zake, atakuuliza. Jina linalotajwa kila wiki halisahauliki.

Kisha kuwa rafiki wa kweli. Jipime kwa swali hili: kama angekuambia leo kwamba hataamini kamwe, ungeendelea kumtembelea? Kama jibu ni hapana, wewe una mradi, na yeye analijua hilo. Msikilize. Msaidie anapohama, anapouguza, anapofiwa. Na umwombe msaada pia. Yesu alianza mazungumzo na yule Msamaria kwa kumwomba maji. Wakristo wengi tunajua kutoa tu, na mtu anayepokea kila siku bila kutoa hujiona mdogo.

Mkutanishe na marafiki zako wa imani. Yesu alisema kwamba watu wote watatambua kwamba sisi ni wanafunzi wake tukiwa na upendo sisi kwa sisi (Yohana 13:35), na upendo huo hauonekani kama hakuna anayealikwa kuuona. Kuleni pamoja, tazameni mpira, fanyeni kazi ya kujitolea. Acheni aone mnavyotaniana, mnavyokoseana na kuombana radhi. Lakini msimtegee mtego. Kumwalika mtu chakula kisha akakuta mhubiri amesimama na kipaza sauti ni udanganyifu, na hatarudi. Kama kutakuwa na neno la Mungu, mwambie mapema, achague mwenyewe.

Saa ya kusema itafika, mara nyingi kwa swali la kawaida: "Wewe uliwezaje kumsamehe yule?" Andaa ushuhuda wako uwe wa dakika tatu, na uuseme mbele ya kikundi kwanza. Wenzako wakusaidie kuondoa lugha ya kanisani. "Nilivushwa kutoka mautini, damu ikanifunika" ni maneno mazito kwetu, kwa mgeni ni fumbo. Jaribu hivi: "Nilikuwa na chuki na baba yangu miaka mingi. Nilijaribu kuiacha, nikashindwa. Niliposoma jinsi Yesu alivyowaombea waliomsulubisha, nikamwomba anisamehe mimi kwanza, ndipo nikapata nguvu ya kumpigia baba simu. Hatujamaliza, lakini tunaongea." Hapo umemtaja Yesu, umetaja hitaji lako, na hujajifanya umefika.

Akiuliza usilolijua, sema hujui, kisha lipeleke kwenye kikao mlitafute pamoja. Petro anataka tujibu "kwa upole na kwa hofu" (1 Petro 3:15). Filipo alipoulizwa na Nathanaeli kama neno jema laweza kutoka Nazareti, hakuitetea Nazareti. Alisema, "Njoo uone."

Ndugu wa damu ni wagumu kuliko wote. Wanakujua ulivyokuwa. Hata ndugu zake Yesu hawakumwamini alipokuwa akihudumu (Yohana 7:5), ingawa baada ya kufufuka tunawakuta chumbani wakiomba pamoja na mitume. Mzazi hahubiriwi kama mkutano wa hadhara. Mheshimu, mtunze, na anza kwa kumwomba radhi ya yale ya zamani. Kwa mke aliye na mume asiyelitii Neno, 1 Petro 3:1–2 inatanguliza mwenendo kabla ya maneno, na nadhani ushauri huo unawafaa waume pia. Rafiki wa dini nyingine, usimkejelie imani yake. Muulize anaamini nini na kwa nini, na akipenda, someni Injili pamoja. Kama kuamini kwake kunaweza kumletea hatari nyumbani, usimharakishe kutangaza. Yeye ndiye atakayelala katika nyumba ile.

Hatua ya 7: Akiamini, na mkiongezeka

Siku rafiki yako akisema anataka kumfuata Yesu, ombeni pamoja kwa maneno yake mwenyewe. Kisha mpange vikao: Injili ya Marko ina sura kumi na sita, na sura moja kwa kikao inawapa miezi minne hivi. Mpeleke kanisani, ukae naye, umweleze yanayoendelea. Mtambulishe kwa mwamini mwingine mmoja mapema, asije akakutegemea wewe peke yako. Na usimwondoe kwa marafiki zake. Wengi humkataza mwongofu mpya kuonana na watu wake wa zamani. Kama hakuna dhambi inayomvuta huko, mwache awaendee, kwa maana wewe huwezi kuwafikia kama yeye. Ukiona bado ni dhaifu, nenda naye.

Mkifika watano au sita, mazungumzo ya ndani yatapungua bila mtu kukusudia. Huo ndio wakati wa kugawanyika. 2 Timotheo 2:2 ina vizazi vinne katika sentensi moja: Paulo, Timotheo, watu waaminifu, na wengine watakaofundishwa nao. Kugawanyika kunauma, na watu watasema mnavunja kitu kizuri. Wapeni mwezi mmoja wa kujiandaa, wawili wazoefu wakae pande tofauti, na mwendelee kukutana wote mara moja kwa mwezi kula na kuomba.

Vikundi vingine vitakufa. Mtu anahama, mwingine anachoka, siri inavuja. Siri ikivuja, simamisheni vikao, aliyeivujisha amwendee aliyeumizwa akiwa peke yake, na aliyeumizwa ndiye aamue kama ataendelea. Mtu akianza kukosa kikao bila sababu, usitume ujumbe kwenye kundi kuuliza nani amemwona. Mpigie wewe mwenyewe jioni ileile, na asipopokea, nenda.